Nembo ilibanduka, mchoro ukabaki

MWAKA 2018 nilinunua jezi ya Nigeria pale Kariakoo. Ilikuwa feki, na nilijua ni feki. Pesa ya orijino sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingejua duka la kuipata hapa Dar es Salaam. Muuzaji alikuwa ametandaza mzigo wake juu ya turubai pembeni mwa barabara. Zilikuwepo za Ufaransa, za Ubelgiji, za Brazil. Macho yangu yakaenda kwa moja tu: kifua cha kijani chenye mistari ya kona-kona, mikono nyeusi na nyeupe iliyokatwakatwa kama meno ya msumeno.

Baada ya kuifua mara tatu, nembo ya kifuani ikaanza kukunjuka pembeni. Ya tano ikatoka yote, nikaiokota kwenye beseni. Nikabaki na jezi isiyo na nembo.

Cha ajabu, hakuna aliyeona tofauti. Kwenye daladala konda aliendelea kunipigia kelele, "Okocha, sogea nyuma!" Mtaani watoto waliendelea kuniita Mnaijeria. Nembo ilibanduka, mchoro ukabaki, na mchoro peke yake ulitosha kusema kila kitu.

Tangu siku hiyo nina mtihani wangu mdogo kila klabu inapozindua uzi mpya. Nafunika nembo kwa kidole gumba, nafunika na jina la mdhamini, halafu najiuliza: hii ni jezi ya nani? Ukiweza kujibu, aliyeichora alikuwa na jambo la kusema. Ukishindwa, hiyo ni fulana tu iliyobandikwa nembo.

Siku hizi jezi haivaliwi uwanjani tu. Inavaliwa kwenye harusi, inavaliwa studio, inavaliwa sokoni na watu ambao hawajui hata timu inacheza ligi gani. Imekuwa pamba ya mtaani. Na huko mtaani hakuna anayeuliza msimamo wa ligi. Kinachouza ni mchoro. Sasa michoro hiyo hutoka wapi?

MANYOYA YA TAI

Tuanze na hiyohiyo ya Nigeria, maana ndiyo iliyovunja rekodi ya mzuka.

Nike ilianza kuivalisha Nigeria mwaka 2015, ikichukua nafasi ya Adidas. Ilipofika wakati wa kuandaa jezi za Kombe la Dunia la Urusi, wabunifu wake walirudi nyuma hadi 1994. Huo ndio mwaka Nigeria ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ndio mwaka ambao Rashidi Yekini, Juni 21 pale Dallas, aliifungia nchi yake bao la kwanza kabisa kwenye mashindano hayo dhidi ya Bulgaria, kisha akaingiza mikono yake kwenye matundu ya nyavu na kulia. Waliokuwa na televisheni enzi hizo hawajaisahau picha ile.

Kwa hiyo chimbuko la kwanza lilikuwa kumbukumbu. La pili lilikuwa jina. Timu inaitwa Super Eagles, yaani tai, na ile mistari nyeusi na nyeupe ya mikononi ni manyoya ya mbawa za tai. Mchezaji akinyoosha mikono kushangilia bao, mbawa zinafunguka. Huhitaji kuelezwa na mtu, unaliona mwenyewe.

Jezi ilipoingia sokoni Juni 1, 2018, mbele ya duka la Nike pale Oxford Street, London, watu walipanga foleni. Shirikisho la soka la Nigeria lilisema oda zilizowekwa mapema zilifika milioni 3. Mtandaoni ilikwisha ndani ya dakika chache. Wengi waliokuwa kwenye foleni ile walikuwa vijana waliotaka kuivaa kwenye muziki na kwenye matembezi, wala hawakuwa na tiketi ya Urusi.

Uwanjani? Nigeria ilifungwa 2-0 na Croatia, ikaifunga Iceland 2-0 kwa mabao mawili ya Ahmed Musa, ikafungwa 2-1 na Argentina, ikarudi nyumbani. Safari ikaishia kwenye makundi, lakini jezi ikaendelea na safari yake. Mpaka leo ukipita Kariakoo hukosi kuikuta.

KABLA YA HAPO JEZI ZILIKUWA RANGI TU

Kwa wasiojua, kwa miaka mingi jezi ilikuwa rangi na basi. Timu hii nyekundu, ile buluu, nyingine mistari. Sababu ilikuwa kitambaa. Jezi zilikuwa za pamba nzito, na kwenye pamba ya namna ile mchoro wenye rangi nyingi ulikuwa kazi na gharama.

Mambo yalibadilika pale polista ilipoitoa pamba. Kwanza wakaweza kufuma kivuli cha mchoro ndani ya kitambaa chenyewe. Kisha ikaja njia ya kuchapa kwa joto. Inafanywa hivi: mchoro unachapwa kwanza kwenye karatasi kwa wino maalumu. Karatasi inalazwa juu ya kitambaa cheupe cha polista, vyote vinaingia kwenye mashine yenye joto la karibu nyuzi 200. Wino haulowi, unageuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi. Ukipoa, umeshakuwa sehemu ya kitambaa. Hauna ganda, haubanduki.

Hapo ndipo nilipoelewa jezi yangu. Nembo ilikuwa imebandikwa juu, ikatoka. Mchoro ulikuwa umeingia ndani ya uzi, ukabaki. Hata feki ile ilifuata kanuni hiyohiyo.

Teknolojia hiyo ndiyo iliyofungua milango mwishoni mwa miaka ya 1980. Wachoraji wakapewa uhuru ambao hawakuwahi kuwa nao, na wakauwasha moto.

Mwaka 1988 Ujerumani Magharibi ilitoka na jezi nyeupe yenye utepe wa rangi tatu uliopindapinda kifuani: nyeusi, nyekundu na dhahabu. Aliyeichora ni mwanamama Ina Franzmann wa Adidas. Wazo lake ukilitazama ni jepesi kweli: alichukua bendera ya nchi na kuipitisha kifuani kama wimbi. Kabla ya hapo Wajerumani walizoea nyeupe na nyeusi. Miaka miwili baadaye, kule Roma, Andreas Brehme akapiga penalti dakika ya 85, Ujerumani ikaifunga Argentina 1-0 na kubeba Kombe la Dunia ikiwa na utepe uleule. Mwaka 2018 Adidas iliurudisha kwenye jezi ya Wajerumani, safari hii kwa rangi ya kijivu.

WAKATI MWINGINE BAO NDILO LINACHORA

Lakini tusidanganyane. Siyo kila jezi kali ina hadithi nzuri ya kuzaliwa.

Mashindano hayohayo ya Ulaya ya 1988, Uholanzi ilivaa jezi ya chungwa iliyojaa vipande vya pembe-pembe kama magamba ya samaki. Leo ile jezi inaabudiwa. Watu wanaitafuta kwa pesa nyingi, wabunifu wa mavazi ya mtaani wameinakili mpaka basi. Ila mchoro wake haukutungwa kwa ajili ya Waholanzi pekee. Ulikuwa mchoro wa Adidas ambao timu nyingine nazo zilipewa, zikibadilishiwa rangi tu. Haukuwa na bendera wala ndege.

Kilichotokea ni Marco van Basten. Fainali, Juni 25, 1988, Munich, mpira unatoka juu kwa Arnold Mühren, Van Basten yuko pembeni kabisa ya eneo, anaupiga hewani bila kuusubiri utue, unampita kipa wa Urusi ya Kisovieti, Rinat Dasayev. Ruud Gullit alishafunga la kwanza. 2-0, Uholanzi bingwa. Tangu dakika ile, magamba yale yakawa mali ya Waholanzi milele. Bao ndilo lililoandika maana juu ya mchoro.

Na kuna michoro iliyopewa maana na mashabiki kwa kutaniwa. Jezi ya ugenini ya Arsenal ya 1991 hadi 1993 ilikuwa ya njano yenye mistari ya giza ya kona-kona. Mashabiki wakaibatiza jina la ndizi iliyopondeka. Lilikuwa tusi. Miaka ikapita, waliokuwa watoto wakawa watu wazima wenye mishahara, tusi likageuka mapenzi. Adidas iliporudi Arsenal mwaka 2019, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kutengeneza ndizi mpya kwa jezi ya ugenini. Wale waliocheka ndio waliopanga foleni.

Halafu kuna Jorge Campos. Huyu bwana alikuwa kipa wa Mexico, urefu wa sentimita 168 tu, na jezi zake alizichora mwenyewe. Alizaliwa Acapulco, mji wa pwani, akakulia kwenye mawimbi na mbao za kutelezea baharini. Ndiyo maana jezi zake zilikuwa na waridi, njano na kijani zinazopiga kelele mpaka jukwaani. Alizivaa kwenye Kombe la Dunia la 1994. Hakumwiga mtu wala hakusubiri kampuni imletee mchoro. Aliuchukua ufukwe wa kwao akauingiza golini. Leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, vijana ambao hawajawahi kumwona akidaka wanavaa nakala za jezi zile.

Ukiziweka hizi zote mezani unaona jambo moja. Mchoro unaoishi una kitu cha watu ndani yake: ndege wao, bendera yao, ufukwe wao, bao lao, hata utani wao. Ule usio na chochote unaisha msimu unapoisha.

WARIDI LA JUVENTUS

Januari 2016, mwanamuziki Drake alionekana kwenye picha akiwa na jezi ya ugenini ya Juventus, ya rangi ya waridi. Mitandao ikalipuka. Watu wengi walidhani ni mbwembwe za kibiashara, klabu ya Italia imeamua kuvaa rangi ya kuvutia wanamitindo.

Kumbe waridi ndiyo rangi ya kwanza ya Juventus. Klabu ilianzishwa 1897 na vijana wa shule wa Turin, wakavaa mashati ya waridi. Mashati yakapauka kwa kufuliwa. Mwaka 1903 wakaagiza mapya kutoka Uingereza kupitia mwenzao mwenye rafiki kule Nottingham, na zilizofika zilikuwa za mistari meusi na meupe, rangi za Notts County. Wakazivaa, na ndizo tunazozijua leo. Yaani mistari ile maarufu duniani ni ya kuazima, waridi ndiyo ya nyumbani.

Baada ya hapo milango ilifunguka kabisa. Septemba 2018 PSG ikaingia na chapa ya Jordan, alama ya mcheza kikapu kwenye jezi ya soka. Oktoba 2019 Juventus ikacheza na Genoa ikiwa na jezi iliyobuniwa pamoja na Palace, chapa ya London iliyozaliwa na vijana wa kuteleza kwenye mbao za magurudumu. Uwanja na mtaa vimekuwa chumba kimoja. Klabu kubwa sasa inachora jezi ikiwaza pia kijana ambaye hatawahi kukanyaga uwanja wake.

CHUI WA KINSHASA

Sasa tusogee karibu na nyumbani, maana Afrika haikusubiri 2018 kuwa na jezi kali.

Mwaka 1974 Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Jezi yake ya kijani ilikuwa na duara kubwa la njano kifuani, na ndani yake kichwa cha chui. Siyo nembo ndogo upande wa moyo, hapana. Chui katikati ya kifua, anakutazama. Ukiitoa leo na kuipeleka kwenye duka lolote la mavazi ya mtaani, utadhani imechorwa wiki iliyopita.

Chimbuko lake halikuwa mpira tu. Timu ya Kongo iliyotwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 ilikuwa ikiitwa Simba. Kisha Mobutu Sese Seko, rais mwenye kofia ya ngozi ya chui, akabadilisha jina la nchi, la miji na la watu. Simba wakawa Chui. Kwa hiyo mnyama yule kifuani alikuwa wa taifa, na alikuwa wa rais pia.

Machi 1974 Zaire ikatwaa tena Kombe la Afrika, kule Misri. Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 kwenye mashindano hayo, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo. Miezi mitatu baadaye, Ujerumani Magharibi, mambo yakaharibika. Walifungwa 2-0 na Scotland. Wachezaji wakagundua posho walizoahidiwa hazionekani, wakatishia kugoma. Wakafungwa 9-0 na Yugoslavia, kisha 3-0 na Brazil.

Leo nakala za jezi ile zinauzwa Ulaya kama kumbukumbu ya thamani, na zinavaliwa na watu wanaopenda vitu vya zamani. Lakini Ndaye Mulamba aliishia ukimbizini Afrika Kusini, akaishi maisha ya shida, na akafariki Januari 2019. Chui anaingiza pesa. Waliomvaa hawakuionja.

Hili ndilo linalonikera kwenye hadithi hizi tamu za michoro. Tunapenda kuuliza mchoro umetoka wapi. Mara chache tunauliza pesa yake imekwenda wapi.

MBONA KHANGA ILIANZA ZAMANI

Turudi Dar. Hapa kwetu mtu akizindua jezi, maelezo huwa yanafanana. Kuna mlima, kuna twiga, kuna ramani, kuna maneno mengi kuhusu utamaduni. Halafu unafunika nembo kwa kidole na huoni kitu.

Sisemi hakuna jitihada. Yanga imemtumia Sheria Ngowi, mbunifu wa mavazi wa hapahapa nyumbani, na hiyo ni hatua kubwa kwa nchi ambayo klabu zake zilizoea kuchukua jezi iliyokwisha kuchorwa na kubadilisha rangi. Simba ilipandisha jezi zake za msimu wa 2023/24 hadi kileleni Kilimanjaro kuzizindua. Siku ya Simba Day au Wiki ya Mwananchi, Dar yote inageuka rangi mbili. Mzuka upo, soko lipo.

Rangi nazo zipo tayari. Njano na kijani, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua ni Yanga. Nyekundu na nyeupe ni Simba, klabu ambayo hadi 1971 iliitwa Sunderland, jina la klabu ya England inayovaa nyekundu na nyeupe pia. Lakini rangi si mchoro. Bado sijaona mchoro wa klabu ya Tanzania ambao ukiuchapa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, bila rangi na bila nembo, mtu wa Mbagala na mtu wa Mwanza wote watasema ni wa fulani.

Na siyo kwamba hatujui kuchora. Bibi yangu ana sanduku la khanga. Nilipokuwa nawaza makala haya nilimwomba alifungue. Khanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulioko katikati, na jina, yale maneno yanayosema ambacho mdomo hauwezi kusema. Inauzwa kwa doti, vipande viwili. Watu wa pwani wamekuwa wakivaa mchoro wenye ujumbe mwilini tangu karne ya 19. Hayo wanayoyafanya wenzetu wa mavazi ya mtaani, picha kubwa na maneno machache ya kuchoma, mama zetu wameyafanya wakienda sokoni.

Nikamfanyia mtihani wangu. Nikakunja khanga moja nikaficha jina, nikaacha kipande kidogo tu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hakuhitaji hata sekunde. Kisutu, akasema, ya bibi harusi, na akanishangaa kwa kuuliza jambo lililo wazi. Kisutu haihitaji maneno. Kisutu ni mchoro uliokwisha kuwa nembo.

Huo ndio utajiri tulionao. Kisutu, korosho ya kwenye pindo, nakshi za milango ya Unguja, nukta za Tingatinga, maandishi ya nyuma ya daladala. Ila haitoshi kuvibandika. Kuchukua kipande cha khanga na kukigandisha mkononi mwa jezi ni sawa na kubandika twiga. Ile jezi ya Nigeria haikubandikwa picha ya tai. Ilichukua unyoya, ikauliza unyoya unakaaje kwenye mkono wa mtu anayekimbia. Huko ndiko kuchora.

FEKI, MIMI NA WEWE

Nikiri kitu. Siwezi kuandika kuhusu pesa ya mchoraji nikajifanya msafi. Jezi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa feki. Shilingi niliyotoa Kariakoo haikufika kwa aliyeichora, haikufika Nigeria, haikufika kwa Yekini wala kwa familia yake. Hata Lagos kwenyewe, feki zilijaa sokoni wakati orijino inagombewa London.

Watu wana sababu zao. Orijino ni ghali, na wakati mwingine haipatikani. Lakini kila mara klabu zetu zinapolalamika kuhusu feki, zinazungumzia nembo. Nembo ndiyo iliyosajiliwa BRELA, nembo ndiyo FCC wanayoitafuta kwenye mzigo. Mchoro wenyewe nani anausemea? Yule kijana aliyekesha kwenye kompyuta akitafuta mistari, jina lake hulioni kwenye uzinduzi. Anayesimama jukwaani ni mdhamini.

Wajerumani leo wanalijua jina la Ina Franzmann. Sisi tuna jezi za Simba na Yanga za miaka mingi ambazo hakuna anayeweza kukutajia mchoraji wake.

GAZETI, SHINDANO NA KIJANA WA MPAKANI

Nimalizie na hadithi mbili za watu ambao hawakuwa wakubwa.

Mwaka 1950 Brazil ilifungwa 2-1 na Uruguay kwenye uwanja wake wa Maracanã na kulikosa Kombe la Dunia. Ilikuwa ikivaa nyeupe. Nchi ikaichukia jezi ile. Mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã la Rio likatangaza shindano: yeyote achore jezi mpya, sharti itumie rangi zote nne za bendera. Mshindi akawa Aldyr Garcia Schlee, kijana ambaye bado hajatimiza miaka 20, mchoraji wa magazeti kutoka kusini kabisa, karibu na mpaka wa Uruguay. Njano, ukingo wa kijani, bukta ya buluu, soksi nyeupe. Ndiyo jezi maarufu kuliko zote duniani. Na kichekesho ni kwamba Schlee mwenyewe moyoni alikuwa shabiki wa Uruguay.

Ya pili ni ya kijani cha Nigeria kilichonivuta Kariakoo. Kilitoka kwenye bendera iliyobuniwa na Taiwo Akinkunmi, mwanafunzi wa Kinigeria aliyekuwa akisoma London na kushiriki shindano kabla ya uhuru wa 1960.

Wote wawili walipewa nafasi ya wazi na majina yao yakaandikwa.

AFCON ya 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Macho ya bara zima yatakuwa kwenye viwanja vyetu, kwenye vifua vyetu, na kwenye mitaa yetu. Kuna kijana pale Ilala, Kisumu au Jinja mwenye mchoro kwenye simu yake hivi sasa. Anaweza kupewa nafasi kama Schlee, akalipwa, akatajwa jina. Au tunaweza kuletewa fulana iliyokwisha kuchorwa, tukaibandika nembo, tukaipandisha mlimani kuipiga picha.

Ile jezi yangu ya Nigeria bado ipo. Mdogo wangu ndiye anayeivaa siku hizi, imepauka begani na imetoboka kwapani. Wiki iliyopita alirudi nayo kutoka uwanjani, akaniambia kuna mzee alimsimamisha njiani akamwita Yekini. Akaniuliza, kaka, Yekini ni nani?

Nikamwambia akae chini nimsimulie.